Tanki Lililoviringika Hadi Minneapolis

Mama hakulitaka lile tanki. Tangu aolewe Kamachumu alikuwa akiteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, na kila tulipomwambia umri umekwenda alijibu kwamba miguu inayotumika haizeeki. Lakini watoto wake walio nje ya nchi walikwishakata shauri. Uwanda wa Kamachumu, wilayani Muleba, umeinuka juu ya Ziwa Victoria kwa kingo zenye mteremko mkali. Mvua za masika na za vuli hutunyeshea kwa wingi, kisha maji yote hukimbilia mabondeni, na mwanamke hata awe na wajukuu wangapi huyafuata huko huko na kupanda nayo. Dada, ambaye ni muuguzi London, alisema hawezi kukesha akiwaogesha wazazi wa wenzake ilhali mzazi wake anapanda mlima na ndoo kichwani. Kaka Mkubwa, aliyeko Minneapolis, Marekani, akatuma fedha siku hiyo hiyo: za tanki la plastiki la lita 5,000, za gata za kuzunguka nyumba nzima, za saruji ya msingi wa kulikalisha, na za ujira wa fundi.

Mimi ndiye niliyebaki. Naishi Bukoba mjini, Rwamishenye, na katika ukoo wenye watu nje, aliyebaki hufanya kazi ya mikono ya wote. Hupokea fedha, hununua, hupiga picha ya risiti, hujibu maswali ya usiku wa manane kutoka kwa watu ambao kwao bado ni jioni. Ni kazi ya heshima, kwa sababu anayetuma fedha toka mbali amekukabidhi pia macho yake.

Mambo yetu yote hupita kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Humo mna bei ya kahawa, harusi, wagonjwa, senene wa mwaka huu wameanguka wapi, na siasa. Siasa kubwa ya kundi letu ni uraia pacha, na wapiganaji wake ni wawili, Kaka Mkubwa na Baba Mdogo.

Kaka alichukua uraia wa Marekani. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku alipokula kiapo kule, huku alikoma kuwa Mtanzania. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumpa ardhi asiye raia, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa watu wa Kagera jambo hilo haliishii kwenye makaratasi. Kibanja chenye migomba na kahawa ndimo alimozikwa babu, ndicho mtoto wa kiume anachotazamia tangu akiwa anatambaa. Mtu akisema hana kibanja, wazee humtazama upya na kumuuliza kwao ni wapi. Kaka amelia juu ya jambo hili, simlaumu.

Baba Mdogo ni mwalimu mstaafu, jirani wa Mama, mmoja wa Wahaya wa kizazi kile ambacho Watanzania wenzetu hukitania kwa kukiita nshomile, yaani waliosoma. Tangu siku ya kile kiapo, yeye hamwiti tena Kaka kwa jina. Humwita “mgeni wetu”. “Mgeni wetu, habari za huko kwenu?” Ndivyo anavyomwamkia kila Jumapili, kundi zima likisoma.

Kaka naye hakunyamaza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wenzake wengi wa zamu ni Wasomali, kwani eneo la Minneapolis ndilo lenye Wasomali wengi kuliko jingine lolote Marekani. Zamu ikiisha hukaa nao kwenye migahawa ya mtaa wa Cedar-Riverside, wanakunywa chai ya maziwa yenye iliki, wanabishana juu ya bunge la Mogadishu kwa sauti ambayo mpita njia angedhani wapo kikaoni. Hawapumziki, na hawakosi kucheka. Kila mtu kati yao ana jina la utani, hata marais: Mohamed Abdullahi, aliyechaguliwa rais wa Somalia mwaka 2017, anajulikana duniani kote kwa jina la Farmaajo, ambalo asili yake ni jibini la Kiitaliano. Huyo alikuwa mkazi wa Buffalo, jimbo la New York, mtumishi katika idara ya uchukuzi ya jimbo hilo. Aliingia Ikulu ya Mogadishu akiwa raia wa Marekani, na uraia huo aliuachia mwaka 2019 akiwa tayari madarakani. Na hapo hapo Minneapolis, uchaguzi wa mwaka 2018 ulimpeleka kwenye Bunge la Marekani Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu aliyepitia ukimbizini Kenya.

Kaka alizibeba habari hizo akazileta kwenye kundi la ukoo kama shahidi mahakamani. “Wenzetu wanatoa rais kutoka Buffalo,” akaandika, “ninyi mnaninyima hata migomba mitatu.”

Baba Mdogo akajibu: “Migomba utapewa, mgeni wetu. Lete andiko la mradi, tutakufikiria kama mwekezaji.”

Watu walicheka toka Muleba hadi London. Kaka alicheka kuliko wote, akatuma sauti yake akicheka mpaka anakohoa. Ukimsikia mtu anacheka hivyo unajua bado anakumbuka kibanja kilivyo, mzee anavyokaa mbele ya nyumba, na uzito wa neno mwekezaji likitamkwa na mzee huyo.

Sasa tanki. Nililinunua Bukoba, nikakodi lori dogo, tukaondoka Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2023. Ilikuwa sikukuu ya Uhuru, kila mtu yuko nyumbani, kila mtu ameshika simu. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Niño, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mpaka barabara za udongo zikageuka utelezi. Tulipita Kemondo, tukakunja Muhutwe na kuanza kupanda. Kwa Mama ni chini ya barabara, kwenye mteremko, na dereva alipoiona ile njia ya kuingilia akasema gari lake haliingii. Tanki likashushwa pale juu. Fundi akalifunga kamba, vijana wanne wakashika, akaagiza literemshwe polepole, mbavu kwa mbavu.

Kamba ikakatika.

Tanki tupu la lita 5,000 ni kubwa lakini jepesi kwa umbo lake, na likipata mteremko halisikii la mtu. Liliviringika hadi uani, likaikosa nyumba kwa hatua chache, likapiga nguzo ya pembe ya jiko la nje, na upande mzima wa jiko ukalala na mabati yake. Likapasua ua. Likaingia kwenye kibanja cha Baba Mdogo, likalaza migomba iliyobeba, mikungu ikiwa bado haijakomaa, likaacha nyuma yake njia ndefu ya udongo mwekundu. Kule chini likagonga mbuni wa zamani, likasimama wima, mfuniko ukiwa mahali pake, bila ufa hata mmoja. Hakuna mtu aliyeguswa. Hata kuku walirudi wote.

Mama alikuwa amekaa barazani akinyonyoa mabawa ya senene. Aliinuka, akatazama jiko lake, akatazama njia ile mpaka mwisho wake, akaketi tena. “Hata maji hayajaingia,” akasema, “limeshakimbilia bondeni.”

Mimi na wale vijana tukateremka kulifuata tanki. Simu yangu niliiacha ndani ya lori kwa sababu ya manyunyu. Simu ya Mama ilikuwa jikoni, kwenye rafu. Rafu ilipoanguka, simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji aliyoyateka alfajiri. Kwa hiyo katika nyumba nzima simu iliyobaki hai ilikuwa moja, ya mjukuu wa Shangazi, kijana wa kidato cha pili.

Kijana akapiga picha. Ilionyesha mabati yaliyolala, migomba iliyolazwa, na ule udongo mwekundu unateremka kati yake. Tanki lenyewe halikuonekana, lilikuwa mbali chini. Akaandika, “Oneni yaliyotukuta Kamachumu,” akaweka vikatuni vya kucheka, akawatumia binamu zake wa Bukoba. Binamu wakaipeleka Dar es Salaam. Huko njiani vikatuni vikadondoka, yakabaki maneno. Mtu mwingine akaona picha bila maelezo, akaweka yake: maporomoko Muleba.

Siku sita kabla ya hapo, Jumapili ya tarehe 3 Desemba, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalikuwa yameufunika mji wa Katesh mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, akaikatiza safari na kurudi. Wiki hiyo Mtanzania yeyote, popote alipo, akiona picha yenye udongo mwekundu na bati lililolala, moyo wake ulikuwa umeshajua jina la kitu hicho kabla ya kusoma.

Ilipofika saa saba mchana kwetu, picha ilikuwa London. Dada alikuwa ametoka zamu ya usiku, anajiandaa kulala. Maelezo yalisema nyumba zimefunikwa. Dada hakuyaamini maelezo, aliyaamini mabati, kwa sababu aliyanunua yeye na aliijua rangi yake. Akampigia Mama, simu haipatikani. Akanipigia mimi, simu inaita ndani ya lori. Akampigia tena Mama. Kisha akampigia Kaka.

Minneapolis ilikuwa saa kumi alfajiri, Kaka yuko zamu. Alikaa chini kwenye korido. Wenzake Wasomali wakamzunguka, na hawakumwambia atulie, kwa kuwa wanayajua hayo. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lenye mabomu lilipolipuka kwenye makutano ya barabara mjini Mogadishu na kuua watu zaidi ya 500, wapo waliotafuta ndugu zao kwenye simu wakiwa kwenye korido kama ile. Mmoja wao, mama wa makamo, alimwuliza swali moja tu: nani anaiona nyumba kwa macho yake sasa hivi? Mwingine akavua kofia, akatia dola ndani, akaipitisha. Kabla jua la Minnesota halijachomoza, maafa ya Kamachumu yalikuwa na mchango.

Asiwacheke mtu Dada na Kaka. Ukoo wetu umefundishwa hofu na mambo ya kweli. Mama anaikumbuka Mei ya 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na watu zaidi ya 800, jinsi mtaa mzima ulivyokaa kuizunguka redio na jinsi jina la mtu mmoja lilivyochukua siku kufika. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba. Watu 17 wakapoteza maisha, na shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka hadi zikafungwa. Sisi tulilala nje, umeme hakuna, simu zimekufa, na Kaka alikaa na picha za kuta zilizoanguka bila sauti ya mtu. Baadaye zikaja habari za maofisa walioondolewa kazini kwa kufungua akaunti ya michango yenye jina linalofanana na ile rasmi, na tangu hapo Kaka hatumi fedha kwa kamati. Anatuma kwa mtu ambaye amemsikia sauti.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya Jumapili yenye mvua na ukungu, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, 19 wakafa, na wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi, akiwemo kijana Majaliwa Jackson ambaye nchi nzima ilikuja kumjua. Mimi nilikuwa Rwamishenye, mwendo mfupi tu kutoka ziwani, na habari nilipewa na Dada kutoka London. Alikuwa ameuona mkia wa ndege juu ya maji kwenye simu yake kabla yangu. Machi ya 2023 ulitangazwa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Ulipotangazwa kwisha mwezi Juni, ulikuwa umeua watu sita. Katika mambo haya yote habari iliyowafikia walioko mbali ilikuwa mbaya na ilikuwa kweli. Kwa nini wasiamini na hii?

Na walioko karibu waliamini vilevile. Shangazi wa Bukoba alipopata picha kutoka Dar es Salaam, hakungoja. Alikusanya ndugu wa Kashai na Hamugembe, wakakodi hiace, wakapakia turubai, mkaa, maharage, mikungu ya ndizi, wakaja. Ilipofika saa kumi na nusu jioni tukasikia vilio kutoka barabarani. Kina mama wameshuka wamejifunga kanga viunoni, mikono kichwani, wanateremka ule mteremko.

Mama akawaona. Senene wakamwagika. Akawaza kitu kimoja tu, kwamba wameleta msiba wa mtu wao, na mtu huyo ni wetu sote. Akaanza kulia kabla hawajafika, akawakimbilia mikono wazi, wakakumbatiana wote wakalia pamoja. “Waitu, nani ametutoka?” akauliza katikati ya machozi. Shangazi, aliyekuwa amemlalia begani, akanyanyua kichwa, akamtazama usoni, akapiga ukelele wa aina nyingine kabisa.

Ilichukua muda kuelewana. Waliotangulia walikuwa wamekwishamtambua Mama. Waliokuwa nyuma walikuwa bado wanateremka na kulia, na wale wa mbele wakawa wanawafanyia ishara ya kunyamaza, wao wakadhani wanaambiwa waende polepole kwa sababu ya utelezi. Baba Mdogo akatoka kwenye migomba yake iliyolazwa, akasimama pembeni. “Marehemu mwenyewe amewasaidia kulia,” akasema. “Mtafika kwenye msiba gani tena muone heshima kama hiyo?”

Ndipo kicheko kilipoanza, na kilikuwa cha nguvu kwa kuwa kilikuwa kinatoka kwenye koo moja na kilio. Shangazi alicheka huku machozi ya kwanza hayajakauka. Alimshika Mama mkono jioni nzima, hata alipokuwa anakula.

Nikakimbilia simu yangu kwenye lori. Nikampigia Kaka kwa simu ya kawaida, nikamwambia Mama ni mzima.

Kaka akazidi kulia. Kila Mtanzania aliyewahi kuishi mbali anajua kwa nini. Kwetu msiba hauambiwi mtu kwenye simu. Huambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Huambiwa mambo yako shwari, ukipata nafasi urudi. Kwa hiyo sauti ya ndugu ikisema “Mama mzima” siku picha imeshasambaa, ni sauti ile ile inayoficha. Nikasema tanki limeviringika. Akasema nisimfiche. Nikasema hata jiko ni upande mmoja tu. Akasema, “Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima.”

Nikampa Mama simu. Hakumwapia, hakumsimulia chochote. Alimwambia hivi: “Tanki lako nilikubali likae kwangu, limekataa, limekwenda kwa Baba Mdogo wako. Nalo linatafuta kibanja, kama wewe.”

Kimya kidogo, kisha kicheko. Kile kile cha kukohoa. Na nyuma yake sauti za watu wengi kwa lugha nisiyoijua, wanamwuliza, anawajibu, nao wanapasuka.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na ndilo linalonifanya niandike. Picha ilikuwa ya kweli na ikasema uongo. Sauti yangu ilikuwa ya kweli na haikuaminika. Neno lililomfikia Kaka na kumtuliza lilikuwa la utani, kwa sababu utani ule ulihitaji mtu mmoja tu duniani kuusema. Mtu wa kughushi angeweza kutunga habari ya tetemeko, ya mafuriko, hata ya kifo. Asingeweza kujua kwamba nyumbani kwetu kibanja ni kidonda cha mtu mmoja, na kwamba mwenye ruhusa ya kukigusa kidonda hicho siku ya hofu ni mama yake. Watu wengi huuona utani wa makundi ya ukoo kuwa upuuzi unaojaza simu. Mimi naamini ndiyo kamba inayowashika ndugu walio mbali, na ukoo unaoacha kutaniana utaanza kudanganywa na kila picha inayopita.

Jioni ile msiba haukupotea bure. Ndizi zilizoletwa zikamenywa, maharage yakabandikwa, turubai likafunika upande wa jiko ulioanguka. Na kabla giza halijaingia, wale waliokuja kuzika waliteremka wote bondeni, wanaume na wanawake, wakalizunguka tanki na kulipandisha kwa wimbo, hatua kwa hatua, mpaka uani. Fundi anasema peke yake na vijana wanne asingeweza. Kule Minneapolis, Kaka aliwarudishia wenzake mchango wao, wakakataa kuupokea; mama yule wa makamo alisema fedha iliyotolewa kwa nyumba hairudi njiani. Ndiyo iliyolijenga jiko jipya, la matofali. Nao wakampa Kaka jina la utani ambalo hatalivua tena. Kule anaitwa Tanki.

Mama akatoa amri mbili. Ya kwanza, picha ya nyumbani isitumwe bila mtu kuonekana ndani yake, amesimama. Ya pili, likitokea lolote watu wasiandikiane, wapigiane simu ya kawaida, na aulizwe yeye mwenyewe.

Amri ya pili ilipata kazi yake mwaka 2025. Tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini. Kundi la ukoo likafa ghafla. Kulikuwa na maandamano, kulikuwa na risasi, watu walipoteza maisha, na walioko nje walikuwa wanayaona mengi ambayo sisi tulioko ndani hatukuweza kuyaona. Kaka akapiga simu ya kawaida kama alivyoagizwa. Mama akapokea. Alimwambia tupo, tumekaa ndani, na watoto wa watu wanakufa. Hakutania. Kaka hakumwomba atanie. Baadaye alimpigia Dada akamwambia Mama ni mzima wa mwili, lakini nchi imemuumiza, na nilipoyasikia hayo nikajua kwamba mwanawe alikuwa amemsoma sawasawa kutoka upande wa pili wa dunia. Anayekijua kicheko cha mtu anaujua pia uzito wa siku ambayo hakipo.

Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba, kundi lilikaa bila neno kwa muda. Watu waliweka salamu za pole, majina ya mitaa, maswali juu ya jamaa. Ilipita hiyo, na Jumapili moja Baba Mdogo akaandika ujumbe mrefu kwa lugha ya barua rasmi. Alimkumbusha mwekezaji wa kigeni aliyeko Minneapolis kwamba mali yake, tanki moja la plastiki, iliharibu mazao ya mwananchi tarehe 9 Desemba 2023, na kwamba fidia ya migomba na mbuni mmoja bado haijalipwa. Kaka akajibu kwamba yuko tayari kulipa, ila kwanza apewe kipande cha ardhi atakachokiandikisha kama anwani yake ya kupokelea madai.

Wanabishana mpaka leo, na uraia pacha bado haujapatikana. Mama anasomewa kila ujumbe na wajukuu, na ukipita muda bila ugomvi mpya hunipigia simu Bukoba kuniuliza kwa nini Baba Mdogo amenyamaza na kama mgeni wao huko aliko anaumwa.